Vitabu vya Watoto Ninavyovisubiri Kabla ya Likizo ya Juni

Mwezi wa nne una siku tatu za vitabu. Tarehe 2 ni Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, inayoadhimishwa tangu 1967 katika siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi wa Denmark. Tarehe 23 ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Kati ya hizo mbili ipo tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, ambayo tangu 2023 imekuwa siku ya washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Huku Dodoma wakati huo mvua zinaelekea kukatika, uwele unakomaa shambani, na likizo ya Juni haiko mbali. Mimi huuhesabu kuwa msimu wa kutafuta vitabu, ili mtoto akifunga shule awe na kitu cha kusoma ambacho hakina maswali mwishoni.

Ukipita kwenye maduka ya vitabu na steshenari ya hapa mjini, yale ya kuzunguka Soko la Majengo na yale ya kuelekea Nyerere Square, utakuta pilika zake ni za Januari. Wazazi wanakuja na orodha ya shule mkononi: madaftari, rula, vitabu vya kiada, vitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita. Ikifika Aprili maduka yametulia. Vitabu vya hadithi vipo, vingi vikiwa rafu ya chini au vimebanwa kwenye kamba. Mwenye duka mmoja, mzee ninayemheshimu kwa sababu husoma kitabu kabla ya kukiuza, aliwahi kuniambia hivi: “Mwanangu, mteja wa kiada anakuja na jina la kitabu. Mteja wa hadithi anakuja na umri wa mtoto.” Anaambiwa tu, mzee nipe cha mtoto wa miaka saba, naye anatoa kilicho karibu. Hakuna anayemtajia mtunzi. Hakuna anayerudi kumwambia kwamba kile cha mwezi uliopita kilimchekesha mtoto mpaka akakirudia. Akienda Dar es Salaam kuchukua mzigo, hana la kumweleza mchapishaji zaidi ya idadi ya nakala.

Naamini vitabu vizuri vya watoto vitaanza kufika huku kwa wingi siku watu wazima tutakapovisubiri kwa majina, tukaviulizia kabla havijafika na tukalalamika vikichelewa.

Kuna ugumu, najua. Uingereza na Marekani kitabu cha mtoto hutangazwa miezi mingi kabla ya kutoka. Jalada linaonyeshwa, tarehe inatajwa, duka linapokea oda, na mtoto anahesabu siku. Kwetu kitabu hakitangazwi, kinatokea. Unakikuta siku moja dukani na huwezi kujua kama kilichapishwa mwezi uliopita au miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo anayetaka kusubiri kitabu cha Kiswahili lazima asogee nyuma kidogo, aangalie kule kinakotengenezwa.

Nianze na tuzo yenyewe. Inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na miongoni mwa nyanja zake sasa ni hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, lakini kwangu hilo si kubwa kuliko ahadi ya pili: kazi inayoshinda hugharimiwa na Serikali ichapishwe na ifike shuleni. Kwa mwandishi wa huku bara hili lina uzito wake. Mwalimu wa shule ya msingi Mpwapwa, Manyoni au Iramba anaweza kuandika mswada wake usiku, akautuma, ukasomwa na watu wasiomjua. Hahitaji kuwa na ndugu anayefahamiana na mhariri Dar es Salaam. Katika orodha yangu ya kusubiri, hadithi za watoto zitakazotajwa Aprili hii ndizo za kwanza, nami nazisubiri bila kujua hata jina moja.

Nina ombi kwa majaji, na naliandika kwa heshima zote. Mswada wa mtoto usipimwe kwa ufasaha na maadili tu. Hadithi nyingi nilizosoma na watoto zinafuata njia moja: kuna mtoto mtundu, hasikii la mkuu, anakwenda alikokatazwa, anaumia, analia, anaomba radhi, na ukurasa wa mwisho mama anampa nasaha. Watoto huijua njia hiyo kabla ya kufika katikati ya kitabu. Ninapowasomea huona macho yao yakianza kutafuta dirisha. Bibi zetu hawakusimulia hivyo. Bibi akisema paukwa na wajukuu wakamjibu pakawa, Sungura aliweza kumdanganya Fisi tangu mwanzo mpaka mwisho, akala asali yote na akatoroka, wala hapakuwa na aya ya kumsuta. Mtoto alibaki na kicheko, na alibaki pia na jambo la kufikiria mwenyewe usiku, maana Fisi naye alikuwa na haki yake. Bibi hakumfikiria badala yake. Ningependa majaji wachukue mswada mmojammoja wakausomee darasa la pili la shule yoyote, kisha wanyamaze. Watoto watasema kama wanautaka tena.

Baada ya ushindi ndipo kazi ya kutengeneza kitabu inapoanza. Mhariri anakata maneno, mchoraji anachora, msanifu wa kurasa anapanga nini kikae wapi. Kuna hesabu ya karatasi ambayo wasomaji wengi hatuioni: karatasi kubwa ya mtambo ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32. Vyetu vingi vina 16 au 24 na vimeshikwa kwa pini mbili. Mtunzi anayeleta hadithi ya kurasa 19 analazimika kuipunguza au kuirefusha, na mara nyingi ni picha zinazopunguzwa. Halafu kuna idadi ya nakala. Kutayarisha mtambo kwa rangi nne kunagharimu kilekile, uchapishe nakala 500 au 5,000. Zikiwa 500, kila moja inabeba mzigo mkubwa wa gharama hiyo na bei inapanda, mzazi anairudisha kwenye rafu, na mwaka unaofuata mchapishaji anaogopa kuchapa hata hizo.

Hofu hiyo ina historia. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na njia yake ilikuwa ya maana sana: pamoja na kufundisha watunzi na wachoraji, ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji aliingia kiwandani akijua nakala kadhaa tayari zina mwenyewe. Vitabu vingi vya pini tulivyovikuta kwenye makabati ya shule zetu za msingi vilipita njia hiyo. Mwaka huohuo wa 1991 ndipo Walter Bgoya, aliyekuwa ameongoza Tanzania Publishing House kwa karibu miongo miwili, alipoanzisha Mkuki na Nyota, nyumba ya uchapishaji ambayo imeendelea kutoa vitabu vya watoto hadi leo. E&D Vision nayo ipo, na wengine. Wachapishaji binafsi waliishi kwa kiada, na faida ya kiada ndiyo iliyolipia hadithi. Katikati ya miaka ya 2010 uandaaji wa kiada ulirudi kwa Taasisi ya Elimu, na mfuko huo ukakauka. Tangu hapo hadithi inatakiwa ijilipie yenyewe, na anayeweza kuilipia ni mimi na wewe tunaoingia dukani.

Kwa hiyo kitabu kingine ninachokisubiri si kipya. Nasubiri kuchapishwa upya. Kila shule niliyoingia ina kabati lenye vitabu vizuri vilivyopoteza jalada, kurasa za mwisho zimechanika, na ukienda kuvitafuta dukani unaambiwa viliisha siku nyingi. Toleo la pili halina heshima ya uzinduzi, hakuna wa kulikatia utepe. Lakini mtoto hajali kitabu kilitoka mwaka gani. Kwake kila kitabu ambacho hajakisoma ni kipya. Mchapishaji atakayefungua kabati lake, akachagua vitabu vitano vilivyopendwa, akavipa picha mpya na karatasi nzuri, atakuwa ameniletea msimu mzima.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwenye umri wa miaka tisa hadi kumi na miwili.

Watoto wadogo wamefanyiwa kazi. Tangu 2015, darasa la kwanza na la pili lilipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, vimetoka vitabu vyao vya herufi kubwa na sentensi fupi. Vijana wa sekondari wana riwaya na tamthiliya za mtaala. Tuzo ya Burt, iliyosaidia sana vitabu vya vijana nchini, ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Katikati hapo pana pengo. Mtoto amejifunza kusoma, ana hamu, anasoma hata maandishi ya nyuma ya basi, na hapo ndipo tunapokosa cha kumpa. Anarudishwa kwenye kitabu cha sungura chenye mistari miwili kwa ukurasa, anaona anadharauliwa, anaondoka. Akiondoka akiwa na miaka kumi, kumrudisha ni kazi.

Mpwa wangu yuko darasa la nne. Alisoma kitabu kimoja cha Kiswahili kuhusu kundi la watoto wanaomtafuta mwizi wa mbuzi, chenye sura saba na picha chache nyeusi na nyeupe. Alikisoma kwa siku mbili, mchana amelala chini ya meza mahali penye ubaridi. Alipokimaliza alikuja jikoni na swali: “Shangazi, cha pili kinatoka lini?” Niligeuza jalada la nyuma. Hapakuwa na cha pili. Hapakuwa na orodha ya vitabu vingine vya mtunzi huyo, wala namna ya kumwandikia. Nikamwambia hakipo. Akaniuliza kwa nini basi wameacha yule mtoto wa mwenye duka hajasema ukweli wake, na swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu mtunzi aliuacha mlango huo wazi kabisa.

Swali lile ndilo ninalotaka wachapishaji walisikie. Mtoto wa umri huo husoma kwa kufuata watu. Akimpenda Rehema wa kitabu cha kwanza atamfuata mpaka cha nane, na kufikia hapo atakuwa msomaji bila mtu kumlazimisha. Mfululizo wa vitabu unamsaidia hata mwenye duka, maana mteja anarudi na jina. Sihitaji kitabu kinene. Kurasa 80 zinatosha, sura fupi, kila sura imalizike mahali ambapo mtoto hawezi kuzima taa. Nimeona majaribio machache ya namna hii kwa Kiswahili na yote yaliishia kitabu cha kwanza au cha pili. Mchapishaji atakayetoa vitatu kwa mwaka mmoja, Januari, Juni na Desemba, watoto wa Dodoma watamjua kwa jina.

Na vitabu hivyo viwe vya wapi? Hili linanigusa kuliko yote. Fungua kitabu cha picha cha Kiswahili na mara nyingi utakuta minazi, ngalawa na bahari, au kijiji kisicho na mahali, chenye msonge wa nyasi na mlima wa kijani nyuma. Ni picha nzuri. Lakini mtoto wa Bahi au Chamwino hajawahi kujikuta ndani yake. Natamani kitabu ambacho nyumba ya bibi ni tembe, yenye paa bapa la udongo ambalo watu hupanda kuanikia mtama. Mbuyu uwepo, na usiwe pambo la nyuma ya picha: mtoto aokote ubuyu, auvunje kwenye jiwe, anyonye mbegu na kuzitema. Mgeni akifika aamkiwe “Mbukwenyi”, na asiyeielewa aielewe kutokana na tabasamu la bibi. Mboga mezani iwe mlenda uliokaushwa. Mvua iwe ile yetu ya msimu mmoja, ya Desemba hadi Aprili, ambayo watu wanaiangalia kwa macho ya hesabu, na korongo lililokuwa mchanga asubuhi lijae maji mekundu jioni. Zabibu ziwemo pia, pamoja na kazi yake: kukata matawi, kufukuza ndege, kubeba kreti.

Mtoto wa huku si wa kijijini tu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, lakini ni baada ya 2016 ndipo familia nyingi zilipohama kweli, watumishi na watoto wao, wakaja Kisasa, Ilazo, Nzuguni, Mtumba. Katika darasa moja leo unakuta Mgogo, Mrangi, Msandawe, na mtoto wa Temeke ambaye bado anaulizia bahari. Mtoto anayehamishwa shule katikati ya mwaka, akafika mahali penye upepo mkavu na vumbi, asijue mtu: hadithi hiyo imetokea kwa maelfu ya watoto karibu yetu. Ningeinunua leo. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, watoto wa mtaani kwetu walichora treni kwa mkaa ukutani wiki nzima, na mmoja alichora abiria wote madirishani, kila mmoja na sura yake. Mchoraji wa vitabu amepatikana hapo, akikuzwa.

Na kuhusu michoro, mkoa huu una deni lake. Pale Kolo, wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150. Kuna watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, kuna twiga, tembo na pofu, mingi kwa rangi nyekundu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akainakili, na kitabu chake kikatoka 1983, kikubwa, cha Kiingereza, cha watu wazima. Watoto wa Kondoa wanastahili cha kwao. Nakiona kabisa: kitabu cha picha cha kurasa 32, kimechorwa kwa rangi zilezile za udongo, kinachomfuata mtoto mmoja anayepanda mwamba na babu yake, na maneno yake machache yakiacha michoro ifanye kazi. Kisiwe kitabu cha historia chenye tarehe pembeni. Mtoto aone mkono wa mtu aliyechora, ashangae kuwa mtu huyo naye alikuwa na siku ya mvua asiyoweza kwenda kuwinda.

Kwa wakubwa kidogo, ninayo nyingine ambayo nashangaa haijafanywa riwaya ya watoto: Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga kwa eneo kubwa mno, wakaleta mashine, zikiwemo trekta zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda, nyuki wakawashambulia, jua likaufanya udongo mgumu hata karanga zikashindikana kuchimbuliwa, na 1951 mpango ukafutwa. Miaka ya 1960 palepale Kongwa pakawa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mpe mtunzi mzuri mtoto mmoja wa Kigogo wa miaka kumi na moja anayeuza maji kwa madereva wa trekta mwaka 1948, naye ana kitabu. Mpe mjukuu wa mtoto huyo, ana cha pili.

Darasani nakala huwa moja na watoto ni wengi, kwa hiyo kitabu kizuri cha kwetu lazima kisomeke kwa sauti. Mtunzi ajue hilo anapoandika. Aweke kibwagizo ambacho darasa zima litakirudia, sentensi zisiwe ndefu kuliko pumzi ya mwalimu, na majina yawe matamu mdomoni. Sisi wa Ugogo tumekulia kwenye jambo hili. Muziki wa Cigogo ni wa kuitikiana. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama zinajibizana. Mwanamuziki wetu Hukwe Zawose aliipeleka ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze mpaka majukwaa ya Ulaya na Japani, na bado kuna tamasha la muziki huu Chamwino. Ningefurahi mtunzi akikaa pale siku moja na daftari, asikilize jinsi mwimbaji anavyolishika kundi la watu kwa mstari mmoja, kisha arudi nyumbani kuandika.

Mengine nayataja kwa haraka. Vitabu vya watoto wachanga, vya karatasi ngumu isiyochanika wanapoitafuna, karibu vyote ninavyoviona ni vya Kiingereza kutoka nje. Vya Kiswahili vinahitajika sana. Vitabu vya hadithi vya nukta nundu ni haki ya watoto wasioona na visiishie kwenye kiada. Vitabu vya sayansi kwa Kiswahili, vinavyoeleza mchwa, mwezi, au kwa nini korongo hukauka, nasubiri hata kimoja chenye picha nzuri.

Wakati tunasubiri karatasi, simu inasaidia. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zinazosomwa bure, na leseni yake inaruhusu mtu kuzichapa na kuzigawa. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo ina za Kiswahili. Ubora unatofautiana, nyingine zimetafsiriwa kwa haraka na zinasikika hivyo, kwa hiyo mtu mzima asome kwanza achague. Nilichapa chache dukani kwa rangi, nikazishona kwa uzi mnene, na zimeshapita mikononi mwa watoto wengi mtaani bila kuachia. Lakini hadithi ya kwenye simu ina mshindani: ikifika meseji mtoto ameshahama. Kitabu mkononi hakiingiliwi na mtu.

Kwa Aprili hii nimejipangia hivi. Washindi wakitangazwa, nitaandika majina ya wale wa hadithi za watoto na kuyapeleka kwa yule mzee wa duka, yote, pamoja na majina ya vitabu. Vikiwa havijachapwa nitamwomba ayaweke kwenye daftari la oda na namba yangu ya simu, aulizie kila anapokwenda kuchukua mzigo. Wazazi wawili wa darasa la mpwa wangu wameshakubali kuandika namba zao chini ya yangu, na mwalimu wao wa Kiswahili ameahidi kupita. Nitaagiza nakala tatu za kila kimoja: ya nyumbani, ya darasa, na ya Maktaba ya Mkoa. Mpwa wangu ameniomba niongeze mstari mmoja kwenye daftari hilo, nao ni jina la kile kitabu cha mwizi wa mbuzi, na mbele yake ameandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino: cha pili.